Wakwe Wawili Nje ya Mlango

Mkisikia watu wa Matombo wakimsifu Anastasia kwa heshima yake, waulizeni heshima hiyo ilitaka kumuua nani.

Ilikuwa hospitalini, mjini Morogoro. Binti yake, Editha, alikuwa amelala wodi ya wazazi na mshono mbichi tumboni. Mtoto wake wa kwanza, msichana njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alikuwa chumba cha watoto wachanga, mwisho wa korido. Nesi Maimuna akaja kitandani kwa Editha.

"Mwanao anapumua, ila joto linampotea. Kitanda cha joto kimejaa wenzake wenye hali mbaya zaidi. Dawa yake ni kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi. Wewe huwezi kusimama. Una ndugu hapa?"

"Ninao, sista. Mama yangu ametoka Matombo alfajiri. Na mume wangu yuko nje."

"Basi nitamwita mmoja."

Editha akashukuru, akafumba macho. Alipitiwa na usingizi akimwona mwanawe kwenye kifua cha mama yake, amefunikwa vizuri. Hilo la kulala linamchoma mpaka leo.

Maimuna kweli aliita. Alifungua mlango, akatoa kichwa: "Ndugu wa Editha, mmoja aingie ambebe mtoto!" Akarudisha kichwa, akafunga. Hakusema kwa nini. Hakusema ni haraka.

Sasa, kwao mama mkwe na mume wa binti hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini ampishe mwenzake. Benchi moja hawakai. Kuonana kifua wazi ndiyo kabisa, hilo linapelekwa mpaka kwa wajomba. Bartholomeo, mume wa Editha, alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti yake yanakaribia kugusa ule mlango. Anastasia alikuwa amesimama kule mwanzo wa korido, khanga usoni, anatazama ukuta. Ili aingie, ilibidi apite mbele ya magoti ya mkwewe. Akangoja mkwe aondoke. Mkwe naye angeondokea wapi? Njia ya kutokea ilikuwa moja, na mama mkwe amesimama hapo hapo. Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akaona amempisha vya kutosha. Kubeba mtoto ni kazi ya mama, alijiambia.

Huyu anangoja mwenzake aondoke, yule anangoja mwenzake apite. Na nyuma ya mlango mtoto anazidi kupoa.

Aliyemwamsha Editha ni Geeta, wa kitanda cha jirani, mke wa mwenye duka mmoja mjini, aliyekuwa ametoka kumnyonyesha wake kule chumba cha watoto.

"Editha, mtoto wako amebebwa na nani? Nimemwona peke yake. Midomo imebadilika rangi."

Editha aliteremka kitandani. Msiniulize aliteremkaje. Alitembea ameshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, Geeta nyuma yake anamsihi apunguze mwendo. Akawakuta korido, kila mmoja kwenye kituo chake kama walinzi.

"Nani yuko na mwanangu?"

Anastasia akazidi kuvuta khanga usoni.

"Mama!"

"Mwanangu, mkwe alikuwa amekaa pale mlangoni..."

"Batho!"

"Nilikuwa nampisha mama."

"Mnapishana!" Sauti ilimtoka mpaka mshono ukamvuta. "Mtoto anakufa, nyie mnapishana! Na kaburini mngepishana hivyo hivyo?"

Maimuna akafungua mlango. "Nani anapiga kelele? Humu kuna watoto."

"Na wangu yumo! Uliwaambia hawa kwamba anakufa kwa baridi?"

"Niliwaita."

"Uliwaita kama unaita watu dirisha la dawa! Ukaona hawaji, ukaendelea na yako."

"Dada, niko peke yangu na watoto wote hawa."

"Si ndiyo maana utuambie! Tumejaa huko nje kama mizigo ya stendi, tuna mikono, tuna vifua, na hakuna anayetuambia tufanye nini!"

Anastasia akasogea mlangoni, akafungua mdomo kusema atambeba yeye, kikohozi kikamkamata. Vumbi la barabara ya Matombo, alisema. Maimuna akamzuia kwa mkono. "Mwenye kikohozi hambebi njiti, mama."

Akabaki Bartholomeo.

"Ila humu kina mama wako kifua wazi, wananyonyesha," Maimuna akasema.

"Tutageukia ukutani," Geeta akadakia. "Mwingizeni."

"Vua shati," Editha akamwambia mumewe.

"Hapa? Mbele ya mama?"

"Vua, au nikuvue mimi!"

Akavua kama mtu anayepekuliwa. Maimuna akamkalisha ndani, akamwekea mtoto kifuani, na Bartholomeo akashtuka kwa ule ubaridi. Ndipo alipoelewa. Machozi yakaanza kumtoka pale pale.

Sasa mtoto afungwe asiteleze. Editha alikuwa ameshikilia mshono kwa mikono miwili. Maimuna anakimbilia upande wa pili, mtoto mwingine ameacha kupumua. Akamrushia Anastasia barakoa. "Vaa hiyo, mama, nawa mikono, umfunge, utoke."

Anastasia alitazama mlango, akamtazama binti yake. Akavaa barakoa. Akavua khanga aliyojifunikia uso, akaipitisha nyuma ya mgongo mtupu wa mkwewe, akamkaza mtoto pale kifuani.

"Nyoosha mgongo, baba," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu harusi.

"Shikamoo, mama," Bartholomeo akajibu, kwa kuchanganyikiwa.

Geeta alichekea ukutani. Editha hakucheka. Alikaa chini mlangoni, akangoja, mpaka akasikia mtoto analia, sauti nyembamba, ya hasira kama yake.

Walipompeleka mtoto Matombo, wanawake walijaa uani, na Anastasia, amempakata mtoto, akaanza: "Mkwe wangu ana heshima, jamani, pale hospitali alivyonipisha..."

"Sema yote, mama," Editha akamkatiza. "Sema na nani alikuwa nyuma ya mlango."

Wakati huo huo Bartholomeo akaingia, na mkono wa Anastasia ukaanza kupandisha khanga usoni. Editha akamkazia macho. Mkono ukashuka.

"Chukua mtoto," Anastasia akamwambia binti yake, "umpe baba yake."

"Mpe wewe mwenyewe," Editha akasema.