Filamu Isiyo na Jina la Enos

Mwaka 1991, kila mtu Kisumu aliyependa dansi alimjua Dalmas Amolo, mwimbaji wa benga. Mimi nilimjua kwa sababu ya kamera. Naitwa Wasike, na siku hizo nilikuwa na chumba pale Migosi, nikipiga video za harusi na matanga. Asubuhi moja Dalmas aliingia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema anataka kutengeneza filamu.

"Ya muziki?" nikauliza.

"Ya mapenzi. Ya zamani, wakati reli inafika ziwani. Mimi ndiye nitaongoza, na mimi ndiye yule kijana."

Nilimwangalia. Miaka arobaini alikuwa ameipita, na tumbo lake lilikuwa limeanza safari yake lenyewe.

"Kijana," nikasema.

"Utapiga kwa mbali kidogo, omera, ndugu yangu."

Sababu ya filamu ilikuwa Beldina, mwalimu aliyekaa Kaloleni. Dalmas alitaka kumwoa, na Beldina hakukataa. Shida ilikuwa mdomo wa Dalmas. Katika dansi zetu, mtu akitaka kusifiwa huinua mkono, bendi inashusha sauti, na mwimbaji anamtaja jina, baba yake, kwao na mali yake. Wajaluo huita jambo hilo pakruok. Dalmas alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na kwa miaka mingi aliifanya mpaka ikamwingia kwenye damu. Hata akimwambia Beldina kwamba anampenda, katikati ya maneno akimwona tajiri anapita dirishani, tajiri naye alitajwa.

Mwishowe Beldina alimwambia, "Dalmas, nitakujibu siku utakaponiambia neno moja la mapenzi kutoka mwanzo hadi nukta, bila mwanamume mwingine ndani."

"Kwenye filamu hakuna mtu wa kuinua mkono," Dalmas alinieleza. "Ataniona nikifika nukta."

Tulipiga ufuoni, upande wa Kisian. Dorca, aliyeimba katika bendi yake, alikuwa msichana wa hadithi. Mtumbwi tulipewa na Enos, mtu wa Nyakach mwenye malori mawili ya mchanga, naye alikuja kuhakikisha hatuutoboi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mwisho, pale kijana wa reli anapopiga magoti mbele ya msichana. Dalmas alikuwa ameyaandika maneno yale mwenyewe, na kusema kweli yalikuwa mazuri. Nililenga kamera. Enos alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Nimebeba vyuma kutoka pwani hadi ziwani," Dalmas akasema, "na hakuna kilichonilemea kama neno hili. Nataka tuzeeke pamoja." Hapo akainua macho. "Enos wa Nyakach, baba wa malori mawili! Tuzeeke pamoja katika nyumba moja."

Hakusita hata kidogo. Nadhani hakujua.

Dorca aliangukia mchangani akicheka. Mimi nikasema, "Tupige tena." Lakini Enos alikuwa tayari amemshika Dalmas mikono yote miwili.

"Bwana, umeniweka kwenye historia! Usiguse kitu hapo. Nitaleta ukoo wote waone."

Utamwambia nini mtu kama huyo, na umekalia mtumbwi wake? Dalmas alisema tutarekebisha baadaye. Nilijaribu. Nilikuwa na mashine mbili za video, na kila nilipomtoa Enos, alitoka na nusu ya mapenzi, basi nikamwacha.

Jioni ya kuonyesha filamu, ukumbi wa Kaloleni ulijaa. Tuliweka televisheni mbili juu ya meza. Enos alikaa mbele na ukoo wake, wamevaa kama watu wa harusi. Beldina alikaa safu ya pili, pochi yake kwenye kiti cha kando. Dalmas alinijia kwenye mashine.

"Ikifika pale, zima sauti."

"Na Enos?"

"Atadhani ni mitambo."

"Na Beldina?"

"Ataona nimepiga magoti. Si inatosha?"

Sikuwa na hakika, lakini filamu haikuwa yangu.

Watu waliifurahia kuliko nilivyotarajia. Kijana wa reli alipoinua mkono kujifuta jasho, saa yake iling'aa, na mama mmoja akapaza sauti, "Dalmas, hiyo saa ulinunua duka gani mwaka huo?" Ukumbi ukacheka, hata Beldina. Kisha ufuo ukatokea, Dorca akasimama, na Dalmas akapiga magoti. Nikazima sauti.

Kimya. Midomo ya Dalmas ikawa inacheza peke yake. Lakini watu wale walikuwa wameutazama mdomo huo miaka kumi kutoka uwanja wa dansi. Ulipofika pale, ukumbi mzima ukasema kwa pamoja, kama kwaya:

"Enos wa Nyakach, baba wa malori mawili!"

Ukoo ulisimama ukipiga vigelegele. Enos akainua mikono yote miwili. Nilimtazama Beldina. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa amenyoosha mkono kwenye pochi yake, kama mtu anayetaka kuondoka.

Dalmas alikwenda mbele, akazima televisheni moja, kisha ya pili, nami nikasimamisha kanda.

"Washa!" watu wakapiga kelele. "Fundi, picha!"

"Bwana Enos," Dalmas akasema, "nakuomba ukae."

"Lakini wananitaja..."

"Kaa, Mzee. Kesho nitakuimba mpaka uchoke mwenyewe. Sasa kuna mtu anasubiri."

Enos akakaa polepole. Nyuma mkono wa mtu uliinuka kwa mazoea. Mke wake akauvuta chini. Dalmas alisimama bila gitaa, bila bendi, jasho likimtiririka.

"Beldina, nataka tuzeeke pamoja katika nyumba moja."

Akafunga mdomo. Ungeona mashavu yakitetemeka, kama ya mtu anayezuia chafya.

"Nukta?" Beldina akauliza.

"Nukta."

"Na yule wa pale mlangoni mwenye suti? Hujamwona?"

"Nimemwona," Dalmas akasema kwa uchungu. "Absalom. Lakini simtaji."

"Umemtaja."

"Nimejibu swali, Mwalimu!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Beldina pia, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa. Kisha akaichukua pochi kutoka kwenye kile kiti cha kando, akaiweka magotini.

"Njoo ukae," akasema. "Wasike, washa tuone kama Dorca naye atakubali."

Dalmas alikwenda akakaa. Niliwasha televisheni, nikarudisha sauti, na nilipogeuka nikamkuta Enos amechuchumaa karibu na mashine, akiniuliza kwa kunong'ona kama nina kopi ambayo jina lake linasikika vizuri.