Bravin na Mizani ya Majani Chai

Mtoto akikataa chakula cha mamake, huku milimani juu ya Ogembo watu hawasemi ameshiba. Wanauliza mama amefanya nini. Ndiyo maana siku ile Bravin aliposukuma sahani ya ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akasema, "Mama, mimi nimeacha kula," Eucabeth alifunga mlango wa jikoni kwanza ndipo akaanza kupiga kelele.

"Umeacha kula? Kwani chakula ni sigara?"

"Ni uzani, Mama. Mwalimu Walter amesema nipunguze."

Mwalimu Walter alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya kutwa aliyosoma Bravin. Mieleka alijifunza kwa simu, kwa kutazama video, kisha akakusanya magodoro ya chumba cha wagonjwa na kuanzisha chama. Bravin, kidato cha tatu, alikuwa na kilo sitini na tano, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Katika uzani huo kulikuwa na Masese wa Nyamira, kijana mwenye shingo nene kama gogo la mkaratusi, ambaye kila aliyeshikana naye aliamka akiuliza leo ni siku gani. Lakini katika uzani wa sitini, Mwalimu Walter alikuwa ameulizia Kisii nzima na Nyamira nzima, na hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Kijana yeyote atakayepanda mizani isome sitini angevishwa dhahabu bila kumgusa mwenzake bega.

"Kwa hivyo utamshinda nani?" Eucabeth akauliza.

"Hakuna mtu, Mama."

"Na unakonda kwa sababu ya huyo hakuna mtu?"

Bravin akasema ndiyo. Eucabeth alimtazama mwanawe mzima, mwenye akili zake, akaona hapa maji yamezidi unga.

Alidhani mumewe angemsaidia. Loo! Ratemo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maana, na kasoro yake ilikuwa moja tu: akipewa nafasi ya kutoa matangazo, hutangaza. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa zima akasema nyumba yake italeta medali ya dhahabu, waumini wakasema amina, na neno likishatoka mdomoni mwa Ratemo halirudi hata likinyeshewa. Jioni akafunga jiko. Harufu ya kitunguu, alisema, inamjaribu kijana. Nyumba yote itafunga pamoja naye.

"Hata Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme," akasema, "wakala mboga tu."

"Na wakanenepa, Baba Bravin. Hiyo sura uisome mpaka mwisho."

Ratemo hakuisoma mpaka mwisho.

Basi ikawa nyumba ya watakatifu. Asubuhi chai ya rangi, jioni maji ya moto na maombi. Wiki ya kwanza haijaisha, Eucabeth akiwa anachuma chai, akasikia kitu kinatafuna katikati ya michai. Akafikiri ni mbuzi wa jirani. Kuinama hivi, akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake, Magokoro Mong'ina, ameketi chini kwenye kanga yake, ana ugali kwenye jani la mgomba na ovakado iliyokatwa katikati.

"Mimi ni mzee," Magokoro akasema, mdomo umejaa. "Mungu hahesabu yangu."

Joyline naye, kifungua mimba wao, alipata wokovu wa ghafla. Hakukosa mkutano wowote wa maombi, almradi uwe na chai ya maziwa na mkate. Ratemo mwenyewe kila mara alikuwa na safari ya Ogembo kuulizia mbolea, na akirudi ananukia matumbo ya kukaanga yaliyofukiwa chini ya peremende. Eucabeth alinusa, akaendelea na kazi yake. Angesema nini? Wote walikula kwa siri isipokuwa kijana, na yeye mamake. Si kwamba alikuwa mtakatifu kuwashinda. Alijaribu mara moja kwa jirani, lakini tonge alilirudisha sahanini alipomkumbuka Bravin akizunguka boma na kopo la rangi, anatema mate humo ndani ili apungue, kama mzee wa ugoro.

Majirani hawakukaa kimya, nani aliwahi kuwanyamazisha? Gladys, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alifika na ujumbe wa wanawake na ndizi mbichi na unga vichwani. Walikuwa wamesikia kwamba kwa Ratemo jiko halitoi moshi. Wakaomba sana, mmoja akalia, wakamshauri Eucabeth asione aibu kusema akiwa na njaa, kwa maana njaa ni ya kila mtu. Eucabeth alitamani ardhi ipasuke. Ratemo aliporudi akaukuta ule unga, alifura, akaamuru urudishwe wote. Nusu yake haikuonekana. Magokoro alisema huenda ni panya.

Sasa, mtu anayepunguza uzani lazima apimwe. Mizani ya shule ilikuwa imekufa, na zahanati ni mbali. Lakini kituo cha kununulia majani chai kiko hapo barabarani, na kina mizani ya umeme yenye ndoano, ile inayotundikwa magunia. Karani wake, Onyiego, alikuwa mtu mwema. Kila jioni majani yakishapimwa yote, Bravin alivua shati na viatu, akaishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia. Onyiego akasoma namba kwa sauti ileile ya kuita majani.

Wakulima hawakwenda tena nyumbani mapema. Walikaa kumwangalia Bravin.

"Geuza, geuza, upande huo una umande!" mmoja anapiga kelele.

"Majani laini hayo! Hakuna shina hata moja!"

Namba ilishuka. Sitini na tatu, siku nyingine sitini na mbili na nukta kidogo, ikagoma wiki nzima, ikashuka tena. Kijana mwenyewe akaanza kuachilia ndoano kabla namba haijatulia, mikono haina nguvu, hata ikabidi wamfunge kwa leso ya mamake na kumtundika kama mtoto mchanga wa kliniki. Watu wakacheka. Eucabeth naye alicheka, kwa sababu wote walicheka, akaona haya baadaye.

Jioni ya kuamkia mashindano mizani ikasoma sitini kamili. Kelele iliyopigwa pale kituoni! Ratemo alikumbatiana na watu aliokuwa amekosana nao kwa mpaka wa shamba. Eucabeth ndiye aliyemfungua kijana leso, na Bravin alipomshika bega ili asimame, mkono wake ulikuwa baridi.

"Kijiko kimoja tu cha uji," akamwambia walipofika nyumbani. "Kimoja, nifurahi."

"Kesho, Mama. Nikishapimwa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Eucabeth akaenda nyuma ya jiko, akalia. Medali haikumhusu ndewe wala sikio. Alichoogopa ni kwamba hiyo kesho ikifika, mtoto atakuwa amezoea kumwambia hapana, na atamwambia hapana mpaka azikwe.

Asubuhi akapika. Alijaza kikapu kuku, ugali wa wimbi, ndizi mbivu, akakifunika, akakipakata mpaka mjini Kisii. Michezo ilikuwa katika uwanja wa shule moja huko. Wakulima nusu ya kituo walikuwa wamekuja, na Onyiego pia, amefunga tai.

Afisa wa mizani, mama mmoja mkimya anayeitwa Emily, akamwambia Bravin apande. Akapanda. Emily akaangalia, akaandika.

"Sitini na mbili."

"Sitini," Ratemo akamsahihisha.

"Mbili, mzee."

"Mizani hiyo imeharibika!"

Emily akapanda mwenyewe, akasema ndiyo kilo zake. Ratemo akapanda, akakuta ameongezeka tangu mfungo uanze, akashuka haraka. Mwalimu Walter akapanda, sijui alitafuta nini. Ndipo Onyiego, huko nyuma, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nyasae, Mungu wangu! Ile yetu inapunguza kilo mbili!"

Wakulima wote wakaguna. Maana hakuna asiyejua. Ile mizani ya kituoni imepangwa kutoa kilo mbili kwa kila kinachotundikwa, za gunia na za umande, iwe ni majani, iwe ni mahindi, iwe ni mtoto wa mtu. Kila mmoja wao alikuwa amelalamika juu ya hizo kilo mbili katika kila mkutano, wengine kwa machozi. Lakini ilipozitoa kwa Bravin walipiga makofi, na hakuna aliyekumbuka kulalamika.

Emily akawaambia wana saa moja, kisha anafunga.

Hapo ndipo mlango wa wazimu ulipofunguliwa. Bravin alivishwa makoti mawili ya plastiki, yale ya kuchumia chai kwenye mvua, akaambiwa akimbie kuzunguka uwanja. Ratemo akamtangulia na suti yake ya Sabato, jua linawaka, anapaza sauti kwamba wapigao mbio hupiga mbio wote, lakini apewaye tuzo ni mmoja. Wakulima wakafuata nyuma. Mtu akaleta wembe wakamnyoa kichwa upande mmoja, wembe ukawa butu, wakaacha. Magokoro Mong'ina akataka akatwe kucha. Akakatwa. Wakamrudisha kwenye mizani anatetemeka.

"Sitini na moja," Emily akasema.

"Tema mate!" Mwalimu Walter akamwambia. "Tema, Bravin, mate yana uzito! Tema!"

Bravin akafungua mdomo. Akajaribu. Akajaribu tena.

"Yamekwisha, Mwalimu," akasema.

Eucabeth alisikia. Hakujua alivyowapita wale watu wote, alijikuta tu yuko mbele, amemshika mwanawe mkono na kumshusha.

"Basi. Kaa chini hapa."

"Mama Bravin, kilo moja tu!" Ratemo akamsihi, anahema, suti imelowa.

"Moja ya wapi? Nionyeshe mahali utaikata. Ya mguu? Ya kichwa?" Sauti yake ilipanda mpaka wachezaji wa uwanja wa pili wakasimama kutazama. "Kila kilo iliyo kwa huyu mtoto niliitia mimi kwa kijiko. Akiwa hana meno, mimi. Akiwa na surua, mimi. Nyinyi mnaitoa kwa ruhusa ya nani?"

Mwalimu Walter aliangalia viatu vyake. Bravin aliketi, nusu ya kichwa ina nywele, akamtazama babake, na Eucabeth akaona mtoto anangoja ruhusa hata ya kumeza. Akafunua kikapu. Ratemo alivua koti lake lililolowa, akaketi kwenye nyasi kando ya mwanawe.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nilitangaza mimi. Wewe kula."

Bravin akala. Mwanzo polepole, kama mtu anayeonja dawa, halafu akashika paja la kuku kwa mikono miwili, na ndizi juu yake, na ugali juu ya ndizi. Eucabeth alihesabu matonge mpaka akashindwa kuona kwa machozi. Emily akaja kuuliza atapigana uzani gani sasa.

"Sitini na tano," Bravin akasema, akipangusa midomo.

Kwa Masese, yaani. Wakulima wakatazamana.

Pambano lenyewe halina habari ndefu. Kipenga kililia, Masese akamshika kiunoni, na kabla kipenga hakijanyamaza mabega ya Bravin yote mawili yalikuwa chini. Kijana akalala pale chali, akapiga mbweu kwa nguvu, akageuza kichwa kuelekea watu wake.

"Mama, chakula kimebaki?"

Eucabeth alipiga vigelegele vilivyofika soko la Daraja Mbili. Watu wa Ogembo wakaingia uwanjani, wakambeba Bravin juu juu, wanaimba, Magokoro anacheza mbele na kanga mkononi. Mwamuzi aliwafuata kuwaeleza kwamba kijana wao ameshindwa. Walipozidi kuimba akawafuata tena, akaeleza kwa Kiingereza.

"Tunajua, tunajua," Ratemo akamwambia, akimpa mkono. "Asante sana."

Walipoketi, Bravin akiwa amerudia kikapu, alikuja mwanamke mwenye leso ya kijani, chungu amekikumbatia kifuani na kifuniko kimefungwa kwa kitambaa ambacho hakijafunguliwa. Akasimama mbele ya Eucabeth bila kusalimia.

"Dada, huyu wako amekula kweli?"

"Amekula. Si unaona mifupa."

Yule mwanamke akageuka kumwangalia Masese. Kijana alisimama peke yake karibu na goli, dhahabu shingoni, chupa mkononi, anatema mate. Mashindano ya juu yalikuwa yanakuja, na kule nako angepimwa.

"Wangu ameshinda," akasema, akakikaza chungu kifuani.

Eucabeth akasogea kumpa nafasi kwenye nyasi. Wakamwita Masese, mamake kwanza, halafu Eucabeth, halafu hata Bravin. Masese akatikisa kichwa kwa heshima, akageukia upande mwingine. Mamake akabaki na chungu mapajani.

Ndipo Eucabeth, ambaye hakuwa ameshiba tangu siku jiko lake lilipofungwa, akanawa mikono. Akafungua kile kitambaa mwenyewe, akamega tonge la ugali wa yule mama, akachovya kwenye mboga, akala. Akamega la pili. Kisha akamwita Ratemo aje naye ale, wakakila chungu chote mpaka kikaisha.