Pazia la Kwenda Burigi

"Goti langu, Mama Yasmin! Unataka goti langu likae palepale anaposhika gia mkwe wangu?"

"Kwani goti lako lina nini? Lina miiba?"

"Lina heshima!"

Walisimama kila mmoja upande wake wa uzio wa michongoma, Penina na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, Zabibu, Mama Yasmin mwenyewe, na rundo la mitumba begani. Nusu ya mtaa ule wa Kashai ilikuwa imeshapunguza sauti za redio ili isipitwe. Zabibu aliliona hilo akafurahi. Kwake ugomvi usio na wasikilizaji ulikuwa kazi bure.

"Kiti cha mbele nimekupa kwa mapenzi," alisema, akipaza sauti kidogo kwa ajili ya wale wa nyumba ya tatu. "Watu wanakililia kile kiti. Mpangaji wangu Datius ameapa atakaa juu ya spea tairi mradi afike Burigi. Wewe umepewa kiti cha waziri, unanitolea kisu!"

"Mpe huyo Datius. Nyie watu wa pwani hamjui mambo ya wakwe."

"Pwani gani tena? Aliyetoka pwani ni babu yangu! Mimi nimezaliwa hapahapa, na senene nimeanza kula kabla wewe hujahamia kutoka Rubafu."

Mtu alicheka nyuma ya bati. Penina akabana mdomo, akarudi kwenye ndizi zake.

Safari yenyewe Zabibu ndiye aliyeibuni, kama alivyobuni vikoba, harusi za watu na hitilafu nyingi za mtaa. Jumamosi wangelala Muleba kwa mdogo wake Maimuna, alfajiri waingie Hifadhi ya Burigi-Chato, wamwone twiga, wapige picha za kuwatambia wa mtaa wa Bakoba, wageuze. Gari lilikuwa Land Cruiser ndefu ya tajiri mmoja wa mjini, maana kwa mvua ile Noah zingekwama hata kabla ya kumwona nyani. Na Land Cruiser ile dereva wake alikuwa mmoja tu, Mutalemwa, aliyemwoa Nancy, binti wa Penina.

Zabibu alijua, ndiyo. Angekosaje kujua, naye ndiye aliyepika pilau la send-off? Kosa lake ni kudhani mambo yale ya wakwe kukwepana yalishazeeka. Kwa Penina hayakuwa yamezeeka hata kidogo. Tangu Nancy aolewe, na sasa mtoto wao Celina anasoma, mama mkwe yule hajawahi kutazamana na Mutalemwa. Kijana akija husimama getini akakohoa. Penina hukimbilia jikoni, akatoa maagizo kupitia dirishani. Jina lake hajawahi kulitamka. Siku za furaha alikuwa "baba Celina", siku nyingine zote "yule mwenye gari".

Lakini sababu ya kiti cha mbele haikuwa mapenzi tu, na hiyo Zabibu hakuweza kuipazia sauti.

Penina alikuwa mshonaji wa vitambaa vya makochi. Alidarizi maua, alidarizi majina ya bwana na bibi harusi, na zaidi ya yote alidarizi twiga. Sebule ya Zabibu nzima ilikuwa imelaliwa na twiga wa Penina, na hakuna mgeni aliyekaa pale bila kuuliza, "Huyu ni mbuzi amevutwa?" Zabibu mwenyewe aliwaita "mbuzi wa Mama Nancy", mbele yake, na Penina alicheka. Hadi jioni moja aliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano, akaja kimyakimya kumwomba Zabibu amtungie.

"Jicho la kulia limeingia ukungu," alisema siku ile. "Hospitali wanataka kulipasua. Kabla hawajanigusa, nataka nimwone twiga. Miaka yote nashona kitu nisichokijua, waitu, ndugu yangu. Usimwambie mtu."

Zabibu, ambaye habari haikuwahi kulala kwake usiku mmoja ikaamka bado mbichi, hii aliinyamazia. Ilimwasha ulimi kila alipopita dukani, lakini aliinyamazia. Sasa anatukanwa mtaa mzima unasikia, jibu analo, na hawezi kulitoa.

Akamfuata Penina jikoni.

"Ukikaa nyuma, na jicho hilo, utamwona twiga au utaona kisogo cha Datius?"

"Basi nisiende."

"Mama Nancy!"

"Nisiende, nimesema. Kuona twiga na kukosa adabu, bora nishone mbuzi."

Zabibu alikaa juu ya kigoda akafikiri. Akainuka ghafla, akachomoa kanga kubwa kwenye rundo la mitumba yake.

"Pazia!"

"Pazia la nini?"

"Tunalifunga kati yako na yeye. Yeye ana usukani wake, wewe una dirisha lako. Mimi nakaa nyuma yenu, nabeba maneno. Keshokutwa anashuka Muleba kufuata tairi, nami nina magodoro ya kupeleka kwa Maimuna. Tunalijaribu. Likishindwa, nitakula kanga yenyewe."

Penina alimaliza kumenya ndizi aliyoishika. "Iwe nzito," alisema mwishowe.

Siku ya jaribio mtaa ulitoka wote kushuhudia. Kanga ilining'inia kutoka darini mwa gari hadi kwenye gia, imefungwa kwa kamba za viatu. Penina alipanda amejitanda kitenge hadi puani, mgongo ameupa usukani.

"Mama Yasmin," Mutalemwa alisema akitazama mbele kama askari wa gwaride, "mwambie mama shikamoo."

"Anakwambia shikamoo."

"Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

"Mwambie kama kiti kinambana, pembeni kuna kishikio cha kukisogeza."

"Anasema kiti—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mwambie hakinibani."

Hadi Kemondo Zabibu alikuwa amekauka koo. Alibeba mwendo ("mwambie apunguze"), alibeba dirisha ("mwambie anaweza kufungua"), alibeba habari za mafua ya Celina, swali na jibu na swali la nyongeza. Akaanza kuchoka, na Zabibu akichoka huongeza chumvi.

"Anasema leo umependeza."

"Hajasema hivyo!" Penina aliruka.

"Sijasema, mama!" Mutalemwa naye alishtuka, kisha akajikumbuka. "Yaani, mwambie sijasema."

"Kwa hiyo hajapendeza?"

Upande mmoja wa kanga zilisikika pumzi za mtu anayejizuia kucheka. Zabibu hakuwa na uhakika ni upande gani.

Karibu na Muhutwe simu yake ikalia. Alikuwa Maimuna, na Maimuna alikuwa na habari za jirani yake aliyerudi kutoka Mwanza na mke ambaye hakuondoka naye. Habari ya namna hiyo haikatwi katikati. Zabibu aligeukia dirisha la nyuma, kidole kimoja sikioni, akazama.

Hakuona chochote. Alichosikia ni sauti kali, ya juu, ambayo hajawahi kuisikia ikitoka kwa Penina.

"Mutalemwa! Ng'ombe!"

Breki zikalia. Magodoro yakamwangukia Zabibu kisogoni. Alipojinasua, ng'ombe mwenye mapembe marefu alikuwa amesimama puani kabisa mwa gari, akitafuna, akiwatazama kama walioingia sebuleni kwake bila hodi. Kisha akavuka, akapotelea kwenye migomba ya upande wa pili.

Kanga ilikuwa imedondoka. Mkwe na mkwe walikuwa wanatazamana.

"Ndiyo, mama," Mutalemwa alisema polepole. "Nimemwona."

Penina alivuta kitenge akajifunika uso mzima.

Zabibu angeweza kunyamaza. Alijaribu kwa kweli. "Kumbe ulikuwa unachungulia," alisema.

 Muleba walishusha magodoro, wakachukua tairi. Maimuna aliposimuliwa chini kwa chini alikwenda kuchekea uani. Wakati wa kurudi Penina alikaa nyuma kabisa, penye nafasi ya magodoro, na Mutalemwa aliendesha kama aliyebeba mayai.

"Jumamosi mniondoe," Penina alimnong'oneza Zabibu walipoikaribia Kashai. "Nimemwita jina. Kama navyoita mbuzi ametoka kambani! Nitamtazamaje Nancy?"

"Umeokoa gari, Mama Nancy."

"Mniondoe, nimesema."

Zabibu akajisikia vibaya, jambo ambalo hakulizoea. Pazia lilikuwa lake, simu ilikuwa yake, na twiga ndiye huyo anayoyoma. 

Penina alishuka getini bila kugeuka. Majirani walikuwa wamejipanga, wanasubiri matokeo. Ndani ya ua, ndizi na maharage alivyoviacha jikoni vimefunikwa kwa majani ya mgomba vilikuwa vinanukia hadi barabarani.

Mutalemwa hakuondoa gari. Alishusha kioo.

"Mama Yasmin, mwambie mama yule ng'ombe mimi nisingemwona. Mgomba ulinikinga."

Penina alisimama, ufunguo mkononi. Alikuwa hatua chache tu, alisikia yote. Zabibu alifungua mdomo abebe, kisha, kwa mshangao wa kila aliyemjua, akaufunga.

"Mwambie," Mutalemwa aliendelea, akitazama usukani, "mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Aliyewahi kuniita kwa sauti ile ni yeye. Sikuona kosa."

 Hata Datius, aliyekuja kuulizia kiti, alivua kofia.

Penina alifungua geti. Akalisukuma, akabaki amelishika. Kisha akageuka, kitenge kikiwa mabegani, uso wazi.

"Umeshinda njaa tangu asubuhi," alisema, na hakuwa akimtazama Zabibu. "Nikishakuita jina halafu nikuache uende na njaa, hapo ndipo nitakuwa nimekutukana."

Mutalemwa alizima gari, mikono bado iko kwenye usukani.

"Na Jumamosi nakaa mbele. Jicho langu hili la kulia halioni vizuri. Twiga akitokea, utanionyesha."

"Nitakuonyesha, mama."

"Na hilo likanga mrudishie mwenyewe. Aliahidi atalila."

"Mimi?" Zabibu akashika kifua, na mtaa ukaangua kicheko. "Bila hata mchuzi?"

 Penina alikuwa amelifungua geti lote, akasogea pembeni kupisha njia.

"Mutalemwa," alisema, safari hii taratibu, "ingia ule, mwanangu."