Kitufe cha Kuomba Radhi

Mama Sare aliitwa hivyo kwa sababu nusu ya wanafunzi wa mtaa ule walivaa sare alizoshona yeye, na nusu nyingine walivaa za mafundi aliowafundisha kisha akawafukuza. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Ukimletea suruali iliyopasuka makalioni, haulizi imepasukaje. Atakwambia, "Umenenepa. Njoo kesho."

Kwa hiyo Jumamosi ile, kitindamimba wake alipoingia sebuleni na kompyuta kwapani na uso wa mfiwa, Mama Sare hakumbembeleza.

"Nani kafa?"

"Bado, mama. Anakufa Jumatano."

Anayekufa alikuwa Kivuli. Binti aliajiriwa kutunga hadithi za magemu ya kompyuta, na Kivuli ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kwanza: muuaji wa siri wa enzi za ngome na mapanga, hodari kuliko wenzake wote na mwenye kiburi kuliko uhodari wake. Katika gemu ya kwanza aliambiwa amshikie mwenzake kamba ashuke ukutani. Katikati ya kazi akamwona adui waliyemfuata akipita chini, akataka sifa iwe yake peke yake. Akaiachia kamba, akaruka. Mwenzake akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Adui naye akaponyoka. Wakuu wakamvua Kivuli cheo, wakamnyang'anya upanga, wakamkabidhi ufagio kama mwanagenzi wa jana. Gemu nzima ya pili alihangaika kurudisha cheo chake.

"Sasa tunatengeneza ya tatu, na wachezaji wamemchoka," alisema binti. "Bosi anasema nikishindwa kuwafanya wampende kufikia Jumatano, Kivuli anauawa mwanzoni kabisa, shujaa mwingine anashika nafasi yake. Mimi napelekwa kwenye ile gemu ya kupanga peremende."

"Peremende zina ubaya gani?"

"Mama! Nimemlea miaka minne!"

"Mimi nimekulea ishirini na saba na bado hujui kufagia. Huyo wako angalau anajua. Lete nimwone."

Binti akamwekea gemu ya pili na kumpa kile kidude chenye vitufe. Mama Sare alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akaanza. Alikataa katakata kupanda ukuta. "Lango lipo. Nipande ukuta mimi paka?" Akampeleka Kivuli langoni, akauawa na walinzi. Akarudi, akauawa tena. Mara ya tano walinzi walikuwa wanazungumza, akapenya.

Ndani ya lango, kwenye ua wenye vumbi, alikaa msokota kamba, mkongojo wake umeegemea ukuta.

"Huyu si yule aliyeangushwa?"

"Ndiye. Yupo kama pambo tu, hana kazi kwenye hadithi. Pita."

Mama Sare hakupita. Alimsimamisha Kivuli mbele ya yule mtu, akaanza kubonyeza. Kivuli akachomoa kisu. Akabonyeza kingine, Kivuli akaruka sarakasi. Cha tatu, akaiba mkate wa msokota kamba. Cha nne, akapanda juu ya paa lake.

"Mtoto huyu hana adabu. Kitufe cha kuomba radhi ni kipi?"

"Hakuna."

"Hakuna kwa nini?"

"Mama, alishajisafisha. Amemwokoa mfalme, amewamaliza maadui kumi na wawili."

"Mfalme ndiye aliyevunjika mguu?"

Binti alikuwa ameishi vya kutosha chini ya sheria ya karakana ya mama yake: ukiharibu nguo ya mtu unampelekea mwenyewe, mikononi, bila kuikunja, penye doa pawe juu. Hakuna kumtuma mwenzako. Akiwa na miaka kumi na mitano aliunguza sketi ya mwalimu kwa pasi, na mtaa mzima ukaliona lile tundu likipita.

"Haya," alisema, akivuta kompyuta. "Aende kwa msokota kamba. Anamwambiaje? Sema, naandika."

Mama Sare alikohoa. "Anamwambia... 'Bwana we, mambo hutokea.'"

"Mama."

"'Yaliyopita si ndwele.'"

"Hayo husema aliyekosewa, si aliyekosa."

"Basi tunga wewe, ndiyo kazi uliyosomea!"

Binti alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ungekuwa umewahi kumwomba radhi Bi Mkasi, ungejua."

Bi Mkasi alikuwa mkataji wa Mama Sare kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja suruali za shule zilitoka fupi zote, na Mama Sare akamgombeza mbele ya mafundi na mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe. Bi Mkasi aliweka mkasi mezani, akavua futi yake ya kupimia shingoni, akatoka. Alifungua kiduka chake milango minane kutoka pale, na tangu hapo Mama Sare alipita barabara ya nyuma, akidai ina hewa nzuri. Ilipita kando ya dampo la taka.

"Mkataji alikosea, nikamwambia. Mambo ya kazi."

"Niliiona ile karatasi ya vipimo uliyoificha, mama. Chini ya kopo la vifungo."

Mama Sare alizima gemu, akaenda kupika. Alikatakata kitunguu kama anayekidai maelezo.

Jumatatu asubuhi hakupita barabara ya nyuma. Alibeba ile karatasi mkononi, haijakunjwa, akaingia kwa Bi Mkasi. Duka lilikuwa na upana wa mlango na nusu, meza ndefu ikilijaza. Bi Mkasi alikuwa akitandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka tayari kwa kukata, peke yake, ncha ya mbali akiwa ameigandamiza kwa pasi mbili nzito. Kila akivuta, pasi ziliteleza.

"Umepotea?" aliuliza bila kuinua uso.

"Sijapotea." Mama Sare aliiweka karatasi mezani. "Huu ni mwandiko wangu. Vipimo vya zile suruali nilikuandikia mimi, na niliviandika vibaya. Nilikigundua kikaratasi hiki mwezi uliofuata. Nilikusingizia mbele ya watu, kisha nikanyamaza miaka mitatu. Nisamehe."

Bi Mkasi alivaa miwani. Kwa karatasi yenye namba sita, aliisoma muda mrefu mno.

"Hivi ni vipimo vya darasa la nne," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ukanipa nikate za darasa la saba."

"Ndiyo."

"Suruali arobaini."

"Arobaini na mbili," alisema Mama Sare. Ukishaanza kusema kweli, unamaliza.

Bi Mkasi aliondoa pasi moja, akaondoa ya pili. "Shika huko. Usiachie."

Aliyewahi kutandaza kitambaa anajua: wa upande wa pili akiachia, matabaka yanateleza na kila kitakachokatwa kitakwenda upande. Mama Sare akashika. Bi Mkasi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alisema, "Vuta." Alisema, "Legeza kidogo." Pua ilimwasha Mama Sare, akaiacha iwashe. Baada ya saa nzima vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Jumatano nina mashuka ya hospitali," alisema Bi Mkasi. "Saa mbili."

"Saa mbili nina wateja."

"Saa mbili."

"Haya."

Nyumbani alimweleza binti yake huku akijisugua vidole. "Hata karibu hakuniambia! Kanishikisha kitambaa kama mwanagenzi, na umri huu! Usicheke."

Binti hakucheka. Alikuwa amesimama, kijiko mkononi. "Kamba, mama. Kamba nayo husokotwa na watu wawili."

Mpaka Jumatano alfajiri binti hakutoka chumbani. Mwenzake wa ofisini alitengeneza picha na vitufe, yeye maneno. Kivuli anaingia kwa mguu, langoni. Anamwambia msokota kamba alichofanya, na kwamba alinyamaza. Msokota kamba anamtupia ncha ya kamba. Mchezaji lazima abane kitufe kimoja dakika nne wakati mwenziwe akisokota kutoka upande wa pili wa ua. Ukiachia, kamba yote inafumuka na mnaanza upya. Na dakika ya tatu, barabarani, adui yule yule wa gemu ya kwanza anapita taratibu juu ya farasi, hatua sita tu, mgongo wazi.

Jumatano saa nne simu ya Mama Sare ililia katika mfuko wa aproni yake. Alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili.

"Usithubutu," alisema Bi Mkasi kutoka upande wa pili.

"Ni mwanangu. Leo wanaamua."

Bi Mkasi alirudisha pasi kwenye ncha yake, akazunguka meza, akaitoa simu mfukoni na kumwekea mwenzake sikioni. Sauti ya binti ilikuwa ya kunong'ona, ikirukaruka.

"Mama, bosi kacheza mwenyewe! Kaachia mara mbili, kamkimbilia adui, kamba ikafumuka. Mara ya tatu ofisi nzima tunamwambia usiachie, usiachie, jasho linamtoka, na adui akapita! Akapita zake! Bosi kasema Kivuli asiguswe. Anaishi, mama! Ila anaona dakika nne nyingi, anataka mbili."

"Mwambie mimi nilishika saa nzima na sikupewa hata maji."

Bi Mkasi alikata simu, akairudisha mfukoni. "Nani huyo anayeishi?"

"Mjinga mmoja hivi. Alimwangusha mwenzake, akaona haya kusema."

"Ndugu yako?"

"Wa karibu sana."

Bi Mkasi alirudi upande wake wa meza, akaondoa pasi. Kabla ya kuinama alijaza bilauri maji, akaiweka kwenye ukingo wa meza, katikati yao, mahali ambapo Mama Sare aliweza kuiona vizuri na hakuweza kuifikia.

"Utakunywa tukimaliza," alisema. "Vuta."