Mizabibu Iliyorudishwa

Rangel alikuwa bado mtoto Chama cha Kikomunisti kilipochukua shamba la mizabibu la baba yake. Mzee alikataa kulitoa, watu wa chama wakamfungia kwenye chumba cha chini ya ofisi ya kijiji wakampiga mpaka akakubali. Hakuishi sana baada ya hapo. Rangel akakua, akawa mfanyakazi wa ushirika uliopewa mashamba yote ya kijiji, akipita kando ya mizabibu ile kila siku bila kuchuma hata zabibu moja.

Utawala ulipoanguka, alicheza dansi uwanjani na mkewe Gergina mpaka kiatu kikampasukia. Baadaye akarudishiwa shamba. Siku hiyo alilia mbele za watu.

Lakini ushirika nao ulikuwa umevunjwa. Ng'ombe walichinjwa, na mabomba ya kumwagilia mashamba yakafukuliwa na wanakijiji wenyewe, wakayauza kama vyuma chakavu. Kiangazi mvua ikakataa. Mizabibu ikaanza kukauka.

"Tuchimbe kisima, Milcho," akamwambia mwanawe.

"Baba, mimi naenda Hispania kuchuma matunda."

"Matunda ya watu? Na haya yako?"

"Yapi, baba? Hivi vijiti?"

Rangel akamzaba kofi. Milcho alichukua mkoba wake. Alimbusu mama yake, akapanda basi.

Rangel alichimba peke yake mpaka mgongo ukamlaza kitandani. Trekta pekee lililobaki kijijini lilikuwa la Stamen, mwana wa mmoja wa wale waliompiga baba yake. Stamen akaja kumjulia hali, kofia mkononi.

"Mzee wangu, nipe shamba nilime ngano. Kila mavuno nitakuletea unga na mafuta ya kupikia."

"Baba yako alilichukua kwa fimbo."

"Mimi nimekuja na fimbo? Naomba tu. Ukikataa, lilime mwenyewe."

Rangel akamtazama mkewe, akitumaini atamtetea. Gergina alikuwa akikung'uta kiroba cha unga kilichokwisha.

"Mpe," akasema. "Tutakula uhuru?"

Akampa.

Kesho yake trekta likaingia kung'oa mizabibu. Rangel alilala amegeukia ukuta. Gergina akamletea mchuzi wa maharage, ukapoa bila kuguswa.

"Wameanzia wapi?" Rangel aliuliza.

"Upande wa mtoni."

"Huko bado kulikuwa na majani mabichi," akasema.