Gololi Nyeusi ya Ndugu wa Mnara

Jumba la Ndugu wa Mnara, chama cha siri cha kusaidiana, lilijengwa enzi ambazo mji wa Alder Creek, Nebraska, ulikuwa bado na matumaini. Ukumbi ulikuwa juu, maduka chini, na kodi ya maduka iliwazika wanachama na kuwalisha wajane wao. Hapo chini alipita mtengeneza matandiko ya farasi, akaja muuza kofia, ikaja benki iliyofilisika kwa adabu. Sasa alibaki Lyle Nygaard, kinyozi. Juu walibaki wanachama wanne na mifupa ya mtu ndani ya jeneza, ambayo kila mgeni huonyeshwa ili akumbuke kifo. Wanne wale hawakuhitaji kukumbushwa.

Walipomzika wa tano, makao makuu ya chama yalisema wazi: asipopatikana mwanachama mwingine kufikia Krismasi, jumba litauzwa, na mnunuzi atalibomoa. Lyle, aliyewacheka Ndugu maisha yake yote, akaomba kujiunga. Alifungwa kitambaa machoni, akapandishwa ngazi.

"Umekuja kutafuta nini?" katibu, Dwight Hovland, akamuuliza.

"Duka langu lisibomolewe."

"Sema undugu, bwana wee," Dwight akamnong'oneza.

"Haya, na undugu."

Ikapigwa kura. Kila mwanachama hutumbukiza gololi kisandukuni, nyeupe ya kukubali au nyeusi ya kukataa. Nyeusi moja inatosha, na haiulizwi ni ya nani. Dwight akafungua kisanduku. Nyeupe tatu, nyeusi moja.

"Kahawa iko tayari," akasema, maana ndiyo iliyofuata kwenye utaratibu.

Jumamosi mzee Thorvald, baba yake Lyle na mkongwe wa wale wanne, alikuja kunyolewa kama kawaida. Lyle akampaka povu, akashika wembe.

"Ni wewe," akasema.

"Hilo haliulizwi."

"Baba!"

"Basi ni mimi. Tuliza huo wembe."

"Mwanao wa kumzaa?"

"Ulisema duka. Babu yako aliapa pale juu, na mimi nikaapa. Mtu haingii kwenye Undugu kama anayekuja kununua misumari."

"Na jumba je?"

"Bora liondoke na heshima yake."

Lyle aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee hakuwa na hasira hata kidogo. Akamnyoa shavu, akashuka chini ya kidevu, taratibu. Tangu mama afariki, hii ndiyo ilikuwa saa pekee ya juma waliyokaa pamoja. Wakitembeleana nyumbani hukosa la kusema, wakaishia kuwasha televisheni.

"Sasa utanyolewa wapi?" Lyle akauliza.

"Hapa hapa. Jumamosi."

"Hapa watapabomoa, baba."

Thorvald alijitazama kwenye kioo, povu likiwa bado sikioni.

"Hilo," akasema, "sikulifikiria."