Skrubu za Pembe Tatu Nyumbani kwa Wakwe

Mdomo wa Yohani ndio uliomponza Danford. Mshenga gani huyu, anatumwa kupeleka posa, anaishia kumnadi bwana harusi kama sabuni mpya dukani? Alipofika Ugalla kwa Mzee Ambrosi, mfuga nyuki, kumposea Danford bintiye, Dorotea, alijigamba kwamba yule kijana wa Majengo ni fundi ambaye hakuna redio Mpanda nzima iliyowahi kumshinda. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi mlete mwenyewe," akasema. "Jibu la posa nitampa hapahapa."

Danford akaja kwa baiskeli, shati jeupe limegeuka rangi ya njia, Yohani kakalia keria. Hata maji hawajanywa, mzee akamwekea magotini redio kaseti kubwa, zawadi ya mzungu mmoja aliyekuwa akifuata sokwe msituni. Ilikuwa bubu tangu masika.

"Haya, fundi. Ifungue tusikie."

Danford akaigeuza, akachungulia. Ndani ya mashimo marefu ya mgongoni, skrubu hazikuwa na mfereji wa bisibisi bapa wala msalaba wa bisibisi ya nyota. Zilikuwa na kitundu cha pembe tatu! Waliozitengeneza hawakutaka mtu azifungue, na walikuwa huko kwao wamestarehe, hawana baba mkwe wa kumjibu. Yeye mkobani alikuwa na bisibisi mbili tu, bapa na nyota.

Mtu mwenye akili angesema, "Hii siijui, naomba nifikiri kidogo." Lakini ukishasifiwa namna ile, utasemaje? Akachomeka bapa, akalazimisha. Ikateleza, krrr, ikachora plastiki. Akajaribu ya nyota. Ikazunguka bure, na kingo za kitundu zikaanza kulika. Jasho likamtiririka. Alimwona Dorotea anampotea hivihivi, kisa skrubu. Na Yohani, aliyeleta balaa lote hilo, akajifanya anatazama mizinga.

Sasa, nyuma ya uzio wa matete wa jikoni alikuwapo Mama Theopista, mama yake Dorotea, akichuja nta. Kwa desturi ya pale, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, na heshima hiyo huanza siku ileile posa inapoingia. Lakini mama huyu alikuwa ameyaona yote kupitia upenyo wa matete, na ulimi ulikuwa unamwasha. Akamgeukia kuku wake.

"We kuku," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "mbona unadonoa tu usichokiona? Kitundu hujui kikoje, unachomeka chochote! Si uchukue nta, uikandamize mle ndani, ukiitoa ikuonyeshe umbo? Ndipo utafute cha kulingana nacho. Aa, kuku gani wewe!"

Yohani akapaliwa na kicheko. Danford akaelewa upesi, ila kumjibu mama hakuthubutu. Akainama, naye akaongea na kuku.

"Asante sana, kuku. Na hiyo nta nitaipata wapi?"

Bonge la nta likaruka juu ya uzio, likamgonga begani.

Akalifinyanga kidogo kwenye ncha ya kijiti, akalilowesha mate lisinate, akalisukuma mpaka chini. Lilipotoka, pembe zote tatu zilikuwa wazi kabisa. Sasa alijua anachotafuta. Msumari ungepinda, bisibisi zake zilikuwa nene mno. Akafungua spoki moja ya baiskeli, ngumu na ndefu ya kutosha, akaanza kuisugua kwa tupa aliyoitoa mkobani. Anasugua, anapima kwenye nta, anasugua tena, hana haraka, mpaka ikaingia bila kucheza. Upande wa pili akaukunja kwa plaizi ukawa mkono. Akakandamiza, akazungusha. Skrubu ikalia kidogo, ikaachia! Jamani, alitamani apige vigelegele mwenyewe. Zilizobaki zikafuata bila matata.

Ndani hakukuwa na ugonjwa wa kutisha: waya wa spika umechomoka. Akaurudisha, akatia betri, na redio ikapaza salamu za watu wa Tabora hadi kuku wakatawanyika.

Yohani akaruka juu. "Si niliwaambia nyie? Hakuna redio inayomshinda!"

Mzee Ambrosi hakucheka. Akamtazama Danford.

"Ni kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kusema ndiyo ilikuwa rahisi kuliko kunywa maji. Na kumtaja mama mkwe mbele ya watu nako ni kukosa adabu.

"Hapana, baba," Danford akasema, ingawa aliogopa kurudi Majengo bila mke. "Hii ilinishinda. Nilikuwa naiharibu. Aliyeifungua yuko jikoni."

Mzee akainama, akapunguza sauti ya redio, kisha akaita:

"Dorotea! Mletee mumeo maji ya kunawa."